Mafuta Kwenye Damu ya Taisto

Siku Taisto Turunen alipoanguka mara ya kwanza alikuwa juu ya paa la sauna, kibanda chao cha kuogea mvuke, akikwangua theluji, na mkewe Hilkka alikuwa chini akimgombeza ashuke. Hakushuka kwa kumsikia. Aliteleza, akatua kwenye rundo la theluji aliyoiangusha mwenyewe, mkono kifuani, mdomo wazi. Hilkka akacheka. Taisto hakuwa mtu wa mzaha hata kidogo, lakini mzee mzima akitumbukia kwenye theluji laini namna ile, yeyote angecheka kwanza. Alipoona midomo imegeuka rangi ya majivu ndipo alipokimbilia simu.

Hospitali ya mkoa walimfungua mishipa miwili ya moyo, wakaacha ndani vibomba vidogo vya waya ili isizibe tena. Kisukari alikuwa nacho tangu zamani, tangu enzi zile alipokuwa akiendesha lori la magogo na kula soseji akiwa kwenye usukani. Alikizoea kama mtu anavyozoea jirani mkorofi. Lakini moyo ulimtisha. Alirudi nyumbani kwao kando ya ziwa Pielinen mpole kama mgeni, akawa anauliza ruhusa hata ya kufungua friji.

Muuguzi wa kituo cha afya, Henna, alikuwa binti wa kijiji kilekile. Hilkka, aliyefanya kazi ya kusambaza barua mpaka alipostaafu, alimjua tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Henna aliwageuzia kioo cha kompyuta waone.

"Angalia hapa, Taisto. Lehemu mbaya, hii kolesteroli, ni mbili nukta tisa. Angekuwa mtu mwingine ningemwambia nenda kanywe kahawa, huna shida. Wewe hapana. Una kisukari, na moyo umeshaumia. Yako inatakiwa iwe chini ya moja nukta nne."

"Kwa hiyo ya wenzangu ni nzuri, ikiwa kwangu ni mbaya," Taisto alisema.

"Ndivyo. Halafu lehemu nzuri unayo kiduchu, na mafuta haya mengine, yanayopanda pamoja na sukari, yamejaa tele. Damu ya wenye kisukari ina ujanja huo. Namba moja inakaa kistaarabu, kumbe nyuma yake mishipa inazibwa. Kidonge hiki kila siku, bila kuruka. Na siagi, Hilkka, naomba uipe likizo."

Hilkka aliifukuza kabisa. Piirakka zake, vimikate vyembamba vyenye wali ndani, ambazo wanaume wa kijiji walikuwa wakizisifia kwenye kila msiba na kila harusi, zikawa zinaliwa kavu, bila siagi iliyopondwa na mayai juu yake. Maziwa yakawa mepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Taisto alikula kila alichowekewa, akatembea mpaka gatini na kurudi, akameza kidonge chake mbele ya mkewe kila jioni kama mtoto anayeonyesha kwamba amepiga mswaki. Baada ya miezi kadhaa lehemu mbaya ilishuka mpaka moja nukta sita, karibu kufika ilipotakiwa. Henna alimpigia makofi. Taisto alitabasamu kidogo, akavaa kofia yake, wakarudi nyumbani bila kuzungumza. Kwa watu kama wao hiyo ilikuwa furaha ya kutosha.

Kisha Rauno akarudi.

Rauno alikuwa kaka yake Taisto, mkubwa kwake kwa miaka michache, na mkubwa katika kila kitu kingine. Ndiye aliyekuwa na sauti nzuri, ndiye aliyepelekwa shule ya mbali, ndiye aliyekwenda kusini akauza mitambo ya mashambani na kuoa mara mbili. Mama yao alipokuwa akifa alimwita Rauno, ambaye hakuwepo, huku mkono wake umeshikwa na Taisto. Sasa ndoa ya pili nayo imevunjika, Rauno akaja kuishi kwenye nyumba ya wazazi ng'ambo ya ghuba. Alikuja na ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri, na mafundisho.

Mafundisho yenyewe yalikuwa kuhusu siagi. Babu zetu walikula siagi na nyama ya nguruwe, alisema, wakakata msitu mpaka uzeeni. Lehemu haijawahi kumuua mtu. Wanaoua ni wenye vidonge. Alikuwa akijirekodi akiyasema hayo jikoni, kisu cha siagi mkononi, na watu wa nchi nzima walimtazama kwenye simu zao.

Jumapili ya kwanza alipokaribishwa chakula, aliitazama sahani ya mdogo wake kwa muda mrefu.

"Shemeji," alisema, "hiki ni chakula au ni matandiko ya ng'ombe?"

"Ni chakula cha mtu anayetaka kuishi," Hilkka alijibu.

"Kuishi! Huyu anaishi? Mtazame. Mdogo wangu alikuwa ananyanyua gogo peke yake. Sasa umemfanya sungura."

Taisto alicheka. Hilkka aliweka uma chini. Hakukumbuka lini mumewe alicheka mara ya mwisho mezani.

"Lehemu yako ilikuwa ngapi walipokutisha?" Rauno aliuliza.

"Mbili nukta tisa."

"Mbili nukta tisa!" Rauno alipiga meza. "Hiyo si ndiyo namba ya mtu mzima wa afya? Waulize wao wenyewe!"

"Si kwa mwenye kisukari," Hilkka alisema. "Henna alitueleza vizuri."

"Henna yule aliyekuwa anakojoa kwenye mtumbwi wetu? Haya, shemeji. Kwa mwingine ni nzuri, kwa huyu ni ugonjwa. Ukishaingia mikononi mwao kila namba yako ni ugonjwa."

Majira ya baridi yale ndugu hao wawili wakawa wanakwenda pamoja kuvua samaki kwenye barafu. Hilkka hakuwa na neno. Alimwona Taisto akivuka ghuba kwa miguu, mgongo umenyooka, na akajiambia kwamba mtu na kaka yake ni dawa pia. Na vidonge je? Vilipungua kwenye kopo kama kawaida. Taisto alikuwa ameomba aachiwe avimeze mwenyewe, asisimamiwe kama mwanafunzi, na Hilkka aliona aibu akakubali.

Kwenye ukumbi wa kijiji Rauno alianza kufanya mikutano. Hilkka alikwenda mara moja, akakaa nyuma karibu na meza ya kahawa. Ukumbi ulijaa. Mbele palikuwa na viti viwili. Kimoja cha Rauno, na kwenye kingine amekaa Taisto, amevaa shati lake jeupe.

"Huyu ni damu yangu," Rauno aliwaambia watu, mkono begani mwa mdogo wake. "Ana kisukari. Moyo wake walishaufungua na kuufunga. Walimwambia bila vidonge vyao hatauona mwaka. Haya, Taisto, waambie unajisikiaje."

Taisto, ambaye kwenye harusi yao alishindwa kutoa hata shukrani akamwachia baba mkwe aseme, alisimama.

"Najisikia vizuri," alisema. "Miguu ilikuwa inauma, sasa haiumi."

Watu wakapiga makofi. Uso wa Taisto uliwaka. Hilkka alikuwa ameishi na uso huo miaka yote ile na hakuwahi kuuona hivyo, na hapo kwenye kiti cha nyuma alielewa mambo mawili kwa mpigo: kwamba mumewe ameacha vidonge, na kwamba yeye hajawahi kumfanya mtu huyu awe na furaha kiasi kile.

Walipofika nyumbani ndipo alipomuuliza.

"Unavitupa wapi?"

"Chooni," Taisto alisema, bila ubishi.

"Na ukaniacha nihesabu kopo kama mjinga."

"Vilikuwa vinaniumiza miguu, Hilkka."

"Si ungesema! Viko vya aina nyingine, Henna alishasema, mtu anabadilishiwa. Kesho twende."

"Siendi."

Alikwenda mwishowe, kwa sababu siku ya kupima damu ilifika na Hilkka aliwasha gari akasimama nalo mlangoni akipiga honi mpaka majirani wakachungulia. Lehemu mbaya ilikuwa imepanda mpaka nne na kitu. Yale mafuta mengine ndiyo usiseme. Henna alimuuliza kwa upole kama anameza dawa, na Taisto akamtazama machoni akasema anameza. Hilkka akasema, "Mwongo." Henna alieleza tena kila kitu tangu mwanzo, akatoa dawa ya aina nyingine, akaomba. Taisto alisema asante, akavaa kofia.

Basi Hilkka akavuka ghuba akamfuata Rauno. Alimkuta anapasua kuni, akambembeleza kama ambavyo hajawahi kumbembeleza mtu. Alimwambia: wewe ndiye ambaye Taisto anamsikiliza, mwambie tu, kwa upande wake yeye, avimeze vidonge, wengine waambie unachotaka.

"Mimi sijamlazimisha mtu yeyote, shemeji," Rauno alisema. "Taisto ni mtu mzima. Labda tatizo lako ni kwamba amekuwa mtu mzima."

Yaliyofuata yalikuja kimya. Msimu wa matunda ya msituni, Taisto alirudi na ndoo haijafika hata nusu. Alisema amechoka. Alikuwa ametota jasho na mwenye kichefuchefu, lakini kifua hakikumuuma. Mwenye kisukari, neva zake zikishachakaa, moyo unaweza kufa bila kupiga kelele, na hilo wao hawakulijua. Alijipima sukari, akaiona imepanda kidogo, akalala kwenye kochi. Hilkka alitaka kuita gari la wagonjwa. Taisto alinyanyua simu akampigia kaka yake.

"Mwili unajisafisha," sauti ya Rauno ilisikika mpaka jikoni. "Sumu ya vidonge inatoka. Kunywa supu ya mifupa, upumzike."

"Umesikia," Taisto alimwambia mkewe.

Na Hilkka, ambaye alikuwa amechoka kugombana, alipika supu. Hilo ndilo alilokuja kulibeba baadaye: kwamba alisimama pale akiondoa povu kwenye sufuria wakati misuli ya moyo wa mumewe inakufa kipande kwa kipande kwenye chumba cha pili. Siku iliyofuata Taisto hakuweza kukaa bila kutweta. Hilkka hakumuuliza tena mtu. Aliita gari la wagonjwa.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho mekundu kwa usingizi. Alisema mshipa mkubwa ulikuwa umeziba, wameufungua, lakini wamechelewa. Sehemu kubwa ya moyo haipigi tena, imebaki kama kovu. Ataishi, ila asitegemee kurudi alivyokuwa.

Rauno hakuonekana hospitali. Simu hakupokea. Hilkka alienda nyumbani kwa Rauno kuchukua miwani na begi la Taisto, aliloliacha huko ndugu hao walipokwenda pamoja msituni. Moshi ulikuwa ukitoka sauna, mlango wa nyumba haukufungwa. Aliingia. Begi lilikuwa jikoni, miwani haikuwemo. Akafungua kabati la vikombe, kwa sababu Taisto alikuwa na tabia ya kuiacha popote. Nyuma ya kopo la kahawa kulikuwa na viboksi vya dawa vimepangwa, na kwenye kila kimoja karatasi ya duka la dawa yenye jina: Rauno Turunen. Kidonge kimoja kila jioni. Kwa kupunguza lehemu.

Ilikuwa dawa ileile aliyopewa Taisto. Na pembeni yake ya pili, ya kusaidia ile ya kwanza.

Rauno aliingia akiwa na taulo kiunoni, mwekundu kwa mvuke, akamwona. Kifuani palikuwa na mstari mweupe wa mshono wa zamani, kuanzia chini ya koo mpaka karibu na kitovu. Sasa Hilkka alielewa kwa nini mtu huyu, tangu arudi, hakuwahi kukubali kuoga sauna na wenzake.

"Nivae kwanza," Rauno alisema.

"Usivae. Ngoja nikuone vizuri."

Rauno akakaa. Bila sauti yake ya mikutanoni alikuwa mzee wa kawaida.

"Walinipasua nikiwa kusini," alisema. "Nilikuwa karibu kufa, shemeji. Wewe hujui hofu ile."

"Sijui? Mume wangu amelala na mipira puani, mimi sijui?"

"Nilianza kusema tu kama utani. Watu wakapenda. Wananiandikia kwamba nimewarudishia maisha. Siku hizi wanaitikia ninachosema. Unafikiri nilipokuwa nauza mitambo kuna mtu aliyenisikiliza hivyo?"

"Kwa hiyo wewe unameza, wenzako wanakula siagi."

"Kila mtu ana akili yake."

Hilkka alichukua kiboksi kimoja akakitia mfukoni mwa koti.

"Unakwenda kumwonyesha?" Rauno aliuliza. Hakuonekana kuogopa, na jambo hilo Hilkka hakulielewa mpaka alipofika hospitali.

Taisto alikuwa ameinuliwa kwa mito. Hilkka alikiweka kile kiboksi juu ya blanketi, jina likiwa juu. Njia nzima alikuwa akijiandaa kwa machozi ya mumewe, na kusema kweli alikuwa akiyangoja kwa hamu.

"Soma," alisema.

Taisto hakukigusa. "Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba anavimeza. Nilimkuta navyo asubuhi moja, wakati ule wa barafu. Alivimeza kwa kahawa."

Hilkka alishika ukingo wa kitanda. "Na hukurudia vyako?"

"Aliniomba nisimwambie mtu." Taisto alipumua, akangoja pumzi ya kutosha sentensi nyingine. "Rauno aliniomba mimi, Hilkka. Maisha yake yote hajawahi kuhitaji kitu kutoka kwangu."

"Ungenyamaza na bado ukameza! Kuna ugumu gani hapo?"

"Ningekaaje mbele ya watu wale huku nameza? Mimi si mwongo."

"Mimi ulinidanganya. Henna ulimdanganya."

"Wewe ni mke wangu," Taisto alisema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Alirudi nyumbani majani yalipokuwa yameshaanguka. Sasa alimeza kila kitu: cha lehemu, cha pili cha lehemu, cha maji, cha presha, cha sukari. Alimeza bila kusimamiwa na bila miguu kuuma. Rauno alifunga nyumba ya wazazi akarudi kusini bila kuaga, na huko akaendelea kufundisha. Ile rekodi ya Taisto amesimama na shati jeupe bado alikuwa akiwaonyesha watu. Hilkka alimwambia mumewe aagize iondolewe. Taisto alisema atafikiri.

Walipokwenda kupima damu mwanzoni mwa mwaka, Henna alitazama kioo chake na uso ukamng'aa kabla hajakumbuka.

"Moja nukta moja," alisema. "Taisto, hii ndiyo namba yenyewe. Na yale mafuta mengine yameshuka. Ni kama... ni nzuri sana."

"Kwa hiyo sasa ni nzuri," Taisto alisema. Soksi zake alikuwa amevalishwa na Hilkka asubuhi ile, kwa sababu akiinama pumzi inamkatika.

Nje, kwenye benchi la kungojea, alikuwa amekaa Eila, mjane wa mwenye duka la zamani, mwanamke mnene mchangamfu, naye mwenye kisukari. Alimshika Taisto mkono kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye uliyenifungua macho," alimwambia. "Tangu siku ile ukumbini nimeachana na vidonge vyao. Moyo wenyewe ulishanisumbua zamani, lakini nilisema, kama Taisto ameweza na mimi nitaweza. Nimekuja hapa kuchomwa sindano ya mafua tu, basi."

Taisto alitazama viatu vyake. Hilkka alingoja. Henna, aliyesimama mlangoni, naye alingoja.

"Mwambie," Hilkka alisema.

"Kila mtu na mwili wake," Taisto alisema taratibu, akauvuta mkono wake, akaanza safari yake ndefu kuelekea mlangoni, akishika ukuta.

Basi Hilkka akakaa kwenye benchi akamwambia Eila mwenyewe, bila kuficha: vidonge vya Rauno, mshono kifuani, supu ya mifupa, kovu la moyo. Eila alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa na uso wa mtu anayesikiliza mambo ya ndani ya ndoa za watu.

"Pole, Hilkka, umepitia mengi," alisema. "Lakini yangekuwa kweli, si angesema mwenyewe?"

Henna alimwita Eila ndani akafunga mlango. Labda yeye angefanikiwa. Hilkka hakungoja kujua. Alimkuta Taisto amekaa kwenye gari, amefunga mkanda, anatazama mbele. Aliendesha mpaka nyumbani, akamshusha, akamvua viatu, akampikia, akampangia vidonge vyake kwenye kisahani kama kila siku.

Kisha, jua la mchana likiwa bado dirishani, alikunja godoro lake na matandiko yaliyokuwa upande wa pili wa kitanda chao, akayabeba mpaka chumba cha juu, kilichokuwa cha watoto zamani. Ilibidi apande mara tatu, kwa sababu godoro lilikuwa zito. Taisto alisimama chini ya ngazi akimtazama, mkono mmoja kwenye nguzo.

"Unafanya nini, Hilkka?"

Hilkka aliendelea kupanda. Taisto aliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, kisha ya pili, akasimama hapo akitweta kwa muda. Halafu akashuka kinyumenyume, polepole, akaenda kukaa.